Shangazi, nimetoa arubuni ya gitaa lisilojulikana, na mama watoto hana habari

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamume wa miaka 38, nina mke na watoto watatu, naishi Kampala. Baba alikuwa mwanajeshi na nimekulia kambini, kwa hiyo Kiswahili ndicho nilichochezea mpira na ndicho nilichochapiwa fimbo. Nakuandikia kwa Kiswahili pia kwa sababu nikilisema jambo hili kwa Kiganda hapa nyumbani litaeleweka haraka mno.

Mchana nafanya kazi kwenye banda la mbao Ndeeba. Ijumaa na Jumamosi usiku napiga solo kwenye bendi: hotelini, kwenye harusi, kwenye kwanjula, ile sherehe ya Waganda ya kutambulisha wachumba. Jumapili napiga kanisani. Tunapiga Lingala ya zamani zaidi, na kadongo kamu, ile miziki ya Kiganda ya gitaa, wazee wakiiomba. Bendi ikilipwa, fungu langu ni kati ya shilingi 80,000 na 150,000 kwa usiku. Kuna usiku tunalipwa pilau, soda na ahadi.

Miaka sita iliyopita nilinunua gitaa mjini kwa shilingi 1,800,000. Kichwani lina jina kubwa la Kimarekani, jina ambalo kila mpiga gitaa analijua. Nililipenda, nikalipiga picha, nikaliweka kwenye simu. Mwaka jana swichi ikaanza kukwaruza, nikafungua lile bamba la plastiki la mbele ili nipulize vumbi. Ndani, kwenye shimo la pikapu, kile kifaa cha sumaku kinachonasa mtikisiko wa nyuzi, nikaona ubavu wa mbao: tabaka juu ya tabaka, kama plaiwudi tunayowauzia wajenzi wa kumwaga zege. Shangazi, mbao ndiyo kazi yangu. Yule aliyeniuzia alikwishahama, na lile jina kichwani lilikuwa stika iliyopakwa vanishi juu. Tangu siku hiyo, nikipanda jukwaani najiona kama mtu aliyevaa suti ya kuazima, yenye jina la mwenyewe limeshonwa mfukoni.

Sasa sikiliza. Kuna Mzungu mmoja wa kazi za miradi ambaye huja kutusikiliza. Mkataba wake umekwisha, anaondoka mwisho wa mwezi ujao, na anauza gitaa lake. Limetengenezwa Ujerumani, kwenye karakana ya watu wachache tu. Jina la karakana hiyo sijawahi kulisikia maishani. Alinionyesha risiti: alilinunua jipya kwa euro 3,800. Mimi ananiachia kwa shilingi 10,500,000.

Nilikwenda kwake Muyenga nikalipiga saa nzima. Nililigeuza kwanza. Mgongo ni mbao ya jamii ya mkangazi, kipande kimoja, mistari inakwenda kutoka mkiani hadi shingoni bila kiraka. Nikapitisha kidole kwenye ukingo wa shingo kutafuta vichwa vya freti, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, vinavyokwaruza. Ilikuwa kama kupitisha kidole kwenye mdomo wa kikombe. Nikagusa uzi mmoja kabla ya kuchomeka waya, nikausikia kifuani. Nilipochomeka, umeme ulikuwa umekatika mtaani na nyumba inakwenda kwa jenereta, lakini halikunguruma hata chembe. Langu huvuma kama friji bovu.

Kiongozi wetu wa bendi, mzee ninayemheshimu sana, aliposikia bei alicheka hadi akakohoa. Akasema, "Gitaa lisilo na jina ni kama gari lisilo na logibuku ya umiliki. Utaliendesha, lakini siku ya kuliuza utalala nalo." Mpiga besi akaongeza kwamba kwa pesa hiyo ningepata la jina kubwa, la kweli safari hii, na nikabaki na chenji ya amplifaya. Sikuwa na la kuwajibu. Nilichokuwa nacho ni vile vidole vyangu vilivyosikia.

Kuhusu pesa. Shilingi milioni saba ni zangu, nimeziweka kidogo kidogo kutoka jukwaani. Milioni tatu na nusu zinazobaki ziko kwenye akiba tunayoweka na mke wangu kwa ajili ya ploti yetu ya Matugga, ambayo tumebakiza awamu mbili. Yeye anauza vitenge sokoni, na ndiye anayeamka saa kumi na moja. Ploti ni ndoto yake kama gitaa lilivyo yangu. Tena nikuambie ukweli wote: nimekwisha mtumia yule Mzungu shilingi milioni moja ya arubuni kwa simu, asije akaliuza kwa mwingine. Mke wangu hajui. Sikumficha, ila sijapata nafasi ya kumwambia.

Je, magitaa haya ya bei kali ya mafundi wasiojulikana yana thamani kweli, au nimepumbazwa na mng'aro?

Mpiga Solo wa Ndeeba

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliisoma kwa ajili ya gitaa. Mara ya pili niliisoma kwa ajili ya sentensi moja, ile ya "sijapata nafasi." Unaniuliza kama gitaa la bei kali lisilo na jina linafaa kununuliwa, lakini swali lako ni kama boda za hapa mjini, limepakia abiria wawili nyuma: kuna aibu ya ile plaiwudi, na kuna mama mwenye vitenge. Nitaanza na dereva, abiria tutawafikia.

Wanaonisoma tangu zamani wanajua kwamba marehemu mume wangu alipiga rithimu kwenye bendi za hoteli. Miaka mingi nimelala kitanda chenye gitaa chini yake. Lakini kulala juu ya gitaa si kulijua, kwa hiyo niliichukua barua yako, nikalificha jina lako la Ndeeba, nikaenda kwa fundi mmoja anayetengeneza magitaa ya makanisa. Tulizungumza mchana kutwa. Mengi ya ufundi nitakayosema hapa ni yake.

Tuanze na jina. Kiongozi wako anasema jina ni logibuku. Ana haki ya kusema hivyo, ameona magitaa mengi yakiuzwa siku za msiba. Ila jina ni kitu kinachotembea. Yule Mmarekani mtengeneza magitaa aitwaye Leo Fender, ambaye kwa taarifa yako hakujua kupiga gitaa, aliuza kampuni yenye jina lake mwaka 1965 kwa dola milioni 13. Baadaye alianza tena na rafiki yake George Fullerton, wakaita magitaa yao G&L, yaani George na Leo. Kwa hiyo zilikuwapo siku ambapo magitaa yaliyoandikwa Fender yalitengenezwa bila Fender, naye mzee mwenyewe alikuwa kwenye meza yake mtaa mwingine akitengeneza gitaa ambalo mtu wa kawaida hakulijua. Aliendelea hivyo hadi alipofariki mwaka 1991. Chukua na Gibson, kampuni nyingine kubwa ya magitaa ya Marekani. Walipofunga kiwanda chao cha Kalamazoo, Michigan, mwaka 1984 na kazi ikahamia Nashville, baadhi ya wafanyakazi walikataa kuhama. Mwaka uliofuata wakaanza kutengeneza magitaa kwenye jengo lilelile, kwa jina la Heritage. Mikono ileile, sakafu ileile. Ukilipeleka gitaa lao Kampala Road leo, utaulizwa, "Hili ni la nani?"

Kwa hiyo hapana, kutojulikana si dhambi. Lakini nakuomba uniruhusu nikuguse pale panapouma. Stika ile ilikudanganya, nawe moyoni umekata shauri kwamba majina makubwa ni ya uongo, basi asiye na jina ni mkweli. Jina la uongo halimfanyi asiye na jina kuwa mwaminifu. Kwa kila karakana ndogo iliyokuja kujulikana, zipo zilizofunga milango kimya kimya, na wenye magitaa yake leo wanatafuta skrubu moja ya daraja, pale nyuzi zinapokalia, kama wanatafuta sindano. Wala jina kubwa halikukukosea, mwanangu. Aliyekukosea ni mwuza stika.

Sasa kile vidole vyako vilichosikia. Hapa nilimbana fundi sana, maana niliona umesimulia mambo matatu kwa pumzi moja kana kwamba ni kitu kimoja.

Ile freti laini kama mdomo wa kikombe: hiyo ni kazi ya mkono, na hiyo ndiyo unayoilipia. Kiwanda kikubwa kinaweza kuifanya vizuri pia, lakini kwa saa chache na kwa haraka. Karakana ya watu wachache humpa mtu mmoja shingo moja, akakaa nayo na jiwe la kunolea hadi aridhike. Gharama ya gitaa la namna hiyo ni masaa hasa, na mbao zinazonunuliwa chache chache bila punguzo la wanunuzi wakubwa.

Ule ukimya kwenye jenereta: hapo umeshangaa bure. Kama pikapu zake ni za koili mbili, na kwa maelezo yako yaelekea ni hizo, huo ni ubunifu wa Seth Lover wa Gibson tangu mwaka 1955. Koili moja huzungushwa kinyume cha mwenzake, mvumo wa umeme ukiingia pande zote mbili unajifuta wenyewe. Leo ziko hata kwenye magitaa ya bei ya mbuzi. Hilo lako la friji bovu yaelekea linavuma kwa sababu pikapu zake ni za koili moja, na huenda waya wa ardhi ndani umelegea. Fundi anasema kulifunika lile shimo kwa utepe wa shaba na kuunganisha waya vizuri kunapunguza kelele kwa kiasi, na kubadilisha pikapu kunaimaliza. Kwa hiyo kama kinachokuvuta Muyenga ni ukimya, ukimya haugharimu milioni kumi.

Na ule uzi uliousikia kifuani. Najua utanichukia kwa hili, maana wewe ni mtu wa mbao. Pikapu haisikii mbao, inasikia uzi wa chuma ukitikisika karibu na sumaku. Mbao inachangia vipi sauti inayotoka kwenye spika ni ugomvi ambao wapiga gitaa wamekuwa nao tangu enzi, na sitauamua mimi. Lakini hadhira ya Jumamosi haiweki kifua kwenye gitaa lako. Wewe ndiye unayeweka. Hilo lina thamani yake: mpigaji anayejisikia vizuri hupiga vizuri, nimeliona kwa macho yangu. Ila ujue ni nani anayeipokea thamani hiyo.

Jingine hukuliandika, nami nalitaka sana: ulilipiga kwa amplifaya ya nani? Kama ni ya yule Mzungu, sebuleni, kimya, bila ngoma wala mwimbaji, basi nusu ya ulichokipenda huenda kinabaki Muyenga au kinapanda ndege pamoja naye. Kabla ya kuongeza shilingi moja juu ya arubuni, mwombe siku moja. Peleka gitaa lako la plaiwudi ulichomeke kwenye amplifaya yake. Kisha leta lake kwenye amplifaya yenu ya bendi, ile yenye kitambaa kilichochanika, mkifanya mazoezi na ngoma zote. Piga wimbo uleule. Mwenye kuuza kwa nia njema hatakataa. Akikataa, hilo nalo ni jibu.

Muulize pia gitaa limekaa Kampala muda gani. Fundi aliliweka hili mbele ya yote. Magitaa ya Ulaya hutengenezwa kwenye vyumba vya unyevu uliopimwa, nasi hapa tuna mvua za Machi na za Oktoba. Kama shingo ile imepita misimu miwili ya mvua mjini hapa na bado imenyooka, imekuonyesha tabia yake. Kama limetoka kwenye sanduku juzi, unaoa mtu usiyemjua. Angalia ile nondo nyembamba ndani ya shingo inayokaza na kulegeza, uone kama inazunguka na kama ufunguo wake upo. Angalia daraja na vikaza nyuzi. Kama ni vya kampuni kama Gotoh ya Japani, ambavyo hupatikana na kuagizwa popote, pumua. Kama karakana ilijichongea vyake, jiulize utafanya nini kimoja kikivunjika usiku wa kuamkia harusi. Uliza kama dhamana ya karakana inamfuata mnunuzi wa pili. Mara nyingi inabaki kwa yule wa kwanza. Pima pia urefu wa uzi toka daraja hadi pale kichwa kinapoanza. Mtindo wa Fender ni milimita 648, wa Gibson karibu 628, na vidole vyako vimezoea ule mrefu.

Na ubao wa vidole ni wa mti gani? Mafundi wa bei kali wengine hujisifu kwa mti wa Brazili uitwao Dalbergia nigra. Biashara ya mti huo kati ya nchi na nchi imefungwa kwa CITES, mkataba wa kimataifa wa kulinda mimea na wanyama walio hatarini kutoweka, tangu 1992, isipokuwa kwa vibali. Kama ndio huo, na bendi yenu huvuka Busia au Katuna kupiga harusi, utakuja kuongea na watu wa forodha lugha usiyoipenda. Aina nyingine za jamii hiyo zilibanwa mwaka 2017, kisha vyombo vya muziki vilivyokamilika vikaachiwa mwaka 2019. Uliza tu, jibu ni la dakika moja.

Turudi kwa mzee wako na logibuku yake, maana kwenye kuuza ana hoja nzito kuliko alivyocheka. Gitaa la jina kubwa lina bei ambayo watu wa Nairobi, Kampala na London wanaijua kabla hujafungua mdomo. Lako litahitaji kuelezwa, na la kuelezwa huuzwa polepole au kwa hasara. Mtandaoni wapo wanaolijua, lakini hawako Ndeeba, na kulisafirisha gitaa hadi Ulaya ili urudishe pesa si safari ya mchezo. Yeye lakini alisahau kitu kimoja: hulinunui jipya. Aliyelinunua jipya ameshaumeza ule mporomoko mkubwa wa kwanza, na ndiyo maana anakuachia kwa bei hiyo. Swali ni kama ameumeza wote au amekuachia na wewe tonge. Tafuta mengine ya karakana hiyo yaliyotumika yanauzwaje, usilinganishe na risiti ya jipya. Risiti ya jipya ni ya kumpamba mwuzaji.

Mpiga besi naye tumsikilize. Gitaa la kweli la Fender lililotengenezwa kiwanda chao cha Ensenada, Mexico, au Yamaha nzuri, lingekuachia pesa ya amplifaya na ploti isiguswe. Hatari yake ni kwamba utarudi sokoni kulekule kwenye stika, kwa hiyo usiende bila fundi na bisibisi. Tena kuna hatari nyingine ambayo mpiga besi haioni: ukinunua la jina kwa sababu ya kuwaziba midomo, huku vidole vinakumbuka Muyenga, baada ya mwaka utakuwa unatafuta tena. Niliwahi kuishi na mtu wa namna hiyo. Ni ghali.

Ipo pia njia ambayo hukuitaja, na naona aibu kidogo kumwambia mtu wa mbao. Ile plaiwudi yako, mbona umeipiga miaka sita na hoteli zikaendelea kuwaita? Pikapu mpya, freti kusuguliwa upya, utepe wa shaba. Haitakuwa gitaa la Ujerumani. Itakuwa gitaa lisilonguruma, na stika unaweza kuikwangua mwenyewe kwa wembe. Kuna watu watakusimulia habari za Franco, aliyeanza utotoni na gitaa la kujitengenezea kwa bati. Mimi sikupi kama hoja, maana Franco alipopata pesa hakubaki na bati.

Hesabu hii niliifanya nyuma ya bahasha. Ukiweka pembeni 100,000 kila wiki bila kukosa, shilingi 10,500,000 ni wiki 105. Miaka miwili ya Jumamosi, na pilau za ahadi hazihesabiwi. Hoteli itakulipa zaidi kwa sababu ya gitaa? Nimekaa mbele ya Afrigo mara nyingi, bendi iliyoanza mwaka 1975, na sijawahi kusoma kilichoandikwa kwenye kichwa cha gitaa. Kwa hiyo usilihesabu kama mtaji, ukamwambia mama watoto kwamba litajilipa. Kama ni furaha yako na heshima yako ya kazi, liite hivyo. Mwanamume mwenye furaha ya kazi yake si kitu kidogo nyumbani. Fikiria pia unarudije saa nane za usiku: mgongoni, juu ya boda. Wezi wetu hawasomi majina kichwani mwa gitaa, hilo wala halikupunguzii hatari.

Sasa mama wa vitenge. Unasema milioni saba ni zako. Je, yeye analijua hilo kwamba ni zako? Watoto walipokuwa wagonjwa, karo ilipopungua, ni nani aliyejazia ili zile za jukwaani zisiguswe? Siulizi kukusuta, huenda mlikubaliana vizuri. Na zile tatu na nusu za Matugga umeziandika kama pesa ya kujazia tu, lakini mwenye ploti akichelewa kulipwa awamu, huna hakika atavumilia. Unaweza kumwomba yule Mzungu apunguze. Mtu anayeondoka mwisho wa mwezi ujao ana haraka kuliko wewe, na unajua gitaa hilo Kampala lina wanunuzi wangapi. Unaweza kumwuliza kama atapokea saba na arubuni ikiwa ndani yake. Au unaweza kugundua, ukishamwambia mke wako, kwamba yeye ana mpango ambao hukuwahi kuufikiria. Wauza vitenge wanajua kupanga bei kuliko sisi wote.

Nitakuambia langu halafu nikuache. Mwaka tuliojenga, tulipungukiwa pesa ya mabati. Mimi ndiye niliyemwomba mume wangu auze gitaa lake. Aliliuza. Hakugombana, hakunilaumu hata siku moja, na baada ya hapo alipiga gitaa la bendi ambalo lilibaki hotelini. Mabati yale yako juu ya kichwa changu ninapoandika haya, mvua inanyesha na hayavuji. Lakini jioni, redio ikipiga Lingala, nilikuwa naona vidole vya mkono wake wa kushoto vikitembea juu ya paja lake, freti moja moja, bila yeye kujua kwamba navitazama. Hadithi hii nimeigeuza miaka mingi na haijawahi kuniambia nani alikuwa sahihi. Jambo moja tu najua: tuliamua wawili, usiku, taa imezimwa, na sikulijua kupitia mtu mwingine.

Kwa hiyo ile milioni moja, mwanangu. Nafasi ya kumwambia unayo leo jioni. Simu zetu hazina adabu, ujumbe wa kutuma pesa hukaa pale na jina la Mzungu na saa yake, na watoto wako watatu wanajua kuchezea simu. Mwambie wewe kabla simu haijamwambia. Akikasirika, mwache akasirike amalize. Na akikuuliza, hata kwa ukali, gitaa lenyewe linasikikaje, usianze kumweleza habari za mkangazi. Mpeleke Muyenga, umpigie.